Mteremko Mmoja wa Usukumani: Jinsi Jiwe Linavyokuwa Udongo



Nimeombwa nizungumze juu ya udongo. Sitawazungusha dunia nzima. Nitakaa kwenye mteremko mmoja, ule anaoujua kila aliyesafiri kati ya Shinyanga na Mwanza: juu kuna majabali ya graniti yaliyopandana, katikati mashamba, chini mbuga nyeusi. Ninachotaka kukisema ni hiki: udongo hausomwi mahali pamoja. Udongo wa bondeni umejengwa kwa vitu vilivyotoka kilimani, na anayemshauri mkulima bila kujua shamba lake liko wapi kwenye mteremko anabahatisha.

Tuanze na jabali. Jua la mchana hulipanua, baridi ya usiku hulisinyaza, na baada ya muda mrefu sana maganda yake hubanduka. Mizizi huingia kwenye nyufa na kuzipanua. Lakini kazi kubwa hufanywa na maji. Mvua huchukua hewa ukaa angani, na ikipita kwenye udongo wenye mizizi na wadudu huongezewa nyingine nyingi, hivyo hugeuka kuwa tindikali hafifu. Graniti ina madini makuu matatu: kwatzi, feldispa na maika. Tindikali hiyo haiisumbui sana kwatzi, ila feldispa huila polepole mpaka ikawa mfinyanzi. Katika kuoza huko, potasiamu, sodiamu, kalsiamu na sehemu ya silika huyeyuka na kuondoka na maji. Chuma kilichokuwa ndani ya madini kikikutana na hewa hushika kutu, na ndiyo maana ardhi yetu nyingi ni nyekundu.

Sasa mnaweza kukisia kinachobaki juu kilimani. Punje za kwatzi zimebaki kwa sababu ni sugu. Hizo ndizo mchanga. Wasukuma huuita udongo huo luseni. Chukua gao lake, lilowanishe, jaribu kuliviringisha kama uzi: linavunjika vidoleni na kuacha punje zinazokwaruza ngozi. Unalimika kwa urahisi, hata baada ya mvua ya kwanza, na mihogo na karanga huupenda. Lakini maji hupita ndani yake haraka, na chakula cha mimea hupita nayo.

Shuka kidogo, uchimbe shimo la mita moja na nusu katikati ya mteremko, kisha usafishe ukuta wake kwa kisu. Sentimita 20 hivi za juu ni za rangi ya kahawia iliyokolea, zimejaa vijizizi na vijitundu vya wadudu, na mboji ndiyo imezitia weusi. Chini yake wekundu unazidi na udongo unakuwa mzito, kwa kuwa mfinyanzi umeshuka na maji kutoka tabaka la juu na kutuama hapo. Ukilimegua bonge utaona ngozi laini inayong'aa juu yake. Chini zaidi kuna kitu kinachowashangaza wanafunzi kila mwaka. Unaona graniti, na madoadoa yake yote yamo, lakini ukiigusa inamong'onyoka mkononi. Huo ni mwamba uliooza palepale ulipokuwa, bado haujawa udongo, na chini yake ndipo ulipo mwamba mzima. Tusiwasahau mchwa. Wao hupandisha mfinyanzi kutoka chini kwenda juu, na mkulima anayesambaza udongo wa kichuguu shambani anajua anachofanya.

Kutoka hapo tunashuka hadi kwenye udongo ambao Wasukuma huuita ibambasi. Hapa sodiamu iliyotoka juu imekusanyika. Sodiamu huzitenganisha chembe za mfinyanzi, zikaziba vitundu vyote, na udongo ukikauka hushikana hata jembe la ng'ombe huteleza juu yake. Kwa kipimo cha vitabu ni udongo mbaya. Wakulima wa Usukumani waliutazama kwa jicho jingine. Kama maji hayapenyi, basi yatakaa. Wakainua matuta pembeni, wakatengeneza majaluba, wakapanda mpunga. Mimi nauhesabu uamuzi huo kuwa miongoni mwa kazi bora za sayansi ya udongo zilizofanywa nchini, hata kama haukuandikwa katika jarida lolote.

Mwisho wa mteremko ni mbuga. Kalsiamu, magnesiamu na silika zilizoyeyuka juu zimefika hapa na kuunda mfinyanzi wa aina nyingine, unaovimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka. Kiangazi hupasuka nyufa ambazo mkono wa mtu huingia. Masika hunata kwenye nyayo na kulemea kila hatua. Weusi wake huwadanganya wengi wakadhani umejaa mboji. Mara nyingi mboji yake ni kidogo. Utajiri wake uko kwenye madini yaliyotoka kilimani, pamoja na vijiwe vya chokaa vinavyoonekana ukichimba.

Mfuatano huu, yaani udongo kubadilika kwa utaratibu uleule kutoka kilele hadi bonde na kujirudia kilima baada ya kilima, ulipewa jina la katena mwaka 1935. Aliyelitoa ni Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara. Mwaka uliofuata ramani ya awali ya udongo wa Afrika Mashariki ilitoka mikononi mwake na wenzake. Leo neno hilo linafundishwa duniani kote. Wanafunzi wa Tanzania wanapaswa kujua kwamba lilizaliwa hapa nchini, na kwamba Wasukuma walikuwa na majina ya kila sehemu ya mteremko kabla ya mtafiti yeyote kufika na sururu.

Maarifa hayo yakiachwa, gharama yake tunaijua. Mwaka 1946 Uingereza ilituma ujumbe kuchunguza maeneo ya kulima karanga, na uchunguzi huo ulichukua wiki tisa, sehemu kubwa ukifanywa kwa ndege. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, kwa lengo la kulima zaidi ya ekari milioni 3. Ardhi ya Kongwa ina mfinyanzi ambao kiangazi hukauka ukawa mgumu kama tofali. Karanga hukomalia ardhini, na wakati wa kuvuna ukafika huku ardhi imefunga. Mvua nayo haikutosha. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, baada ya kuteketeza pauni zipatazo milioni 36. Shimo moja lililochimbwa wakati wa kiangazi lingeonyesha ugumu ule kabla ya trekta la kwanza kushuka.

Nina hofu kwamba kosa hilo bado tunalifanya kwa kipimo kidogo. Mkulima anaambiwa mifuko kadhaa ya mbolea kwa ekari, idadi ileile kwa wilaya nzima. Kwenye luseni, urea ikimwagwa yote kwa mara moja, mvua kubwa moja huishusha chini ya mizizi. Pale samadi ingeanza, na urea ingegawanywa mara mbili au tatu. Mbugani maji yakituama, naitrojeni hugeuka hewa na kupotea. Katika hali zote mbili mkulima amelipa na mahindi hayakula. Na udongo wa juu wenyewe, ambao sentimita moja mara nyingi huhitaji mamia ya miaka kujengeka, unaweza kusombwa msimu mmoja ikiwa matuta yamelimwa kufuata mteremko badala ya kuukinga.

Kwa hiyo ninawaomba maafisa ugani, na ninyi wanafunzi mtakaokuwa maafisa ugani: mkifika kijijini nendeni na sururu na chepe. Chimbeni mashimo matatu, juu, katikati na chini ya mteremko. Mwiteni mwenye shamba asimame nanyi shimoni, mumuulize udongo ule unaitwaje na unafanya nini masika na kiangazi. Muyaandike majibu yake, ndipo mzungumzie mbolea.