Nani anasoma usalama wa Kongo? Maneno yetu kwa wanafunzi



Leo hatukuja kuwaita kwenye maandamano. Tumekuja kuwaomba jambo linalochukua muda mrefu zaidi, miaka 15, pengine 20. Tunataka wachache kati yenu wachague kazi ya kufundisha na kuchunguza siasa ya usalama ya inchi yetu. Hatusemi muwe askari wala watu wa upelelezi. Tunasema muwe walimu wa chuo kikuu wanaosoma sheria za jeshi, bajeti ya ulinzi na mikataba na waasi, kisha wanaandika na kufundisha kile wanachokiona.

Tunajua wengine watasema: "Mambo ya jeshi ni ya wanajeshi, wewe raia unatafuta nini mule?" Jibu liko ndani ya Katiba ya 2006. Kifungu cha 188 kinasema jeshi linatumikia taifa zima, halina siasa ya chama, na liko chini ya mamlaka ya raia. Sasa je, raia ataongoza vipi kitu asichokijua? Mbunge anapiga kura juu ya bajeti ya ulinzi, lakini nani alimfundisha kuisoma? Mwandishi wa habari anatangaza mkataba mpya, lakini atauliza wapi kama mkataba uliopita ulisema vilevile?

Hofu hii ya kugusa mambo ya usalama haikuanza jana. Tarehe 4 Juni 1969 askari waliwapiga risasi wanafunzi wa Lovanium waliokuwa wakiandamana Kinshasa. Mwaka 1971 wanafunzi wa Lovanium walitaka kuwakumbuka wenzao, serikali ya Mobutu ikawaingiza jeshini kwa nguvu. Mwezi wa nane mwaka huohuo vyuo vikuu viliunganishwa kuwa UNAZA, chini ya mkono wa serikali. Mei 1990 damu ilimwagika tena, safari hii kwenye chuo kikuu cha Lubumbashi. Kwa hiyo utawala ulimwona mwanafunzi kuwa hatari kwa usalama. Kumwachia mwanafunzi ausome huo usalama, hapana.

Tuwape mfano wa maswali ambayo mtafiti wa namna hii anashughulika nayo, muone kama ni mambo ya mbali.

La kwanza ni kuingiza wapiganaji jeshini. Baada ya mikataba ya 2002 tuliambiwa majeshi ya pande zote yatachanganywa, ndiyo ile brasaji. Mwaka 2007 ikaja miksaji katika Kivu ya Kaskazini. Tarehe 23 Machi 2009 serikali ikatia sahihi na CNDP, wapiganaji wakapewa nafasi jeshini. Miaka mitatu baadaye sehemu yao wakaasi, wakachukua tarehe ile kuwa jina lao, M23, na tarehe 20 Novemba 2012 wakaingia Goma. Walishindwa mwaka 2013, wakarudi mwisho wa 2021, na Januari 2025 Goma ikaanguka tena. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeonyesha mkono wa Rwanda katika jambo hili, nasi hatutaacha kulisema. Lakini mtafiti anauliza pia maswali ya nyumbani. Vyeo vilitolewa kwa masharti gani? Nani alibaki na amri juu ya watu wake? Mishahara ilipitia mikono ya nani? Bila majibu, tutatia sahihi karatasi ileile kwa jina jipya.

La pili ni utawala wa kijeshi, ile tunaita eta de sieje. Ulianza Ituri na Kivu ya Kaskazini tarehe 6 Mei 2021. Kifungu cha 144 cha Katiba kinatoa siku 30, kisha nyongeza za siku 15. Zile siku 15 zimerudishwa na kurudishwa mpaka mtu anachoka kuhesabu. Je, mauaji yalipungua wapi, yaliongezeka wapi? Raia wangapi walipelekwa mbele ya mahakama za kijeshi, kwa makosa gani? Mama anayelima shamba lake ana haki ya kupata jibu lenye hesabu. Akipewa hotuba tu, hajajibiwa.

La tatu ni wale vijana wenye silaha wanaoitwa Wazalendo. Kifungu cha 190 kinakataza mtu yeyote kuunda jeshi la kibinafsi au kuweka vijana wenye silaha, na kinaita jambo hilo uhaini mkubwa. Mwaka 2023 ikatoka sheria ya jeshi la akiba. Mpaka kati ya akiba halali na kundi la silaha uko wapi? Nani anatoa amri, nani atajibu raia akiuawa? Siku vita vikiisha, wale vijana watarudi wapi? Wengi wao mlisoma nao. Swali hili halingoji amani ndipo liulizwe.

Haina maana kwamba hakuna anayefanya kazi hii. Profesa Georges Nzongola-Ntalaja ameandika historia ya siasa ya Kongo ambayo dunia nzima inaisoma, ijapokuwa miaka mingi alifundisha Marekani. Pole Institute iko Goma, na Bukavu kuna watafiti wa vyuo vikuu wanaochunguza makundi ya silaha. Lakini tazameni vitabu vinavyotajwa zaidi: Jason Stearns, Séverine Autesserre. Ni kazi nzito, tunaziheshimu. Ila mara nyingi, kijana wa Kivu aliyempeleka mtafiti kijijini, akatafsiri, akahatarisha maisha, jina lake linaishia kwenye ukurasa wa shukrani. Watafiti wa Bukavu wenyewe wamelisema hili waziwazi. Anayejua njia na lugha anapaswa pia kuchagua swali, na jina lake likae mbele ya kitabu.

Hatutawadanganya kwamba ni njia laini. Unaanza asistenti, unapanda CT, unatafuta doktora, ndipo unafika kwa profesa. Mshahara unachelewa, maktaba ni maskini, na pesa ya utafiti mara nyingi inatoka nje pamoja na maswali yake. Tena kuna hatari. Afisa anaweza kukuita mpelelezi wa waasi, na waasi wakakuita mpelelezi wa serikali, wiki moja. Kwa hiyo mtu wa kazi hii anajifunza mipaka. Haandiki mahali askari walipo, wala hatafuti siri za operesheni. Anaficha majina ya waliomweleza, hata kama daftari lake likikamatwa. Sheria, bajeti, mikataba, hesabu za mahakama na ushuhuda wa raia vinatosha kumpa kazi ya maisha yote.

Basi tunaomba mambo matatu.

Kwenu wanafunzi: unapochagua kazi yako ya kumaliza masomo, usikimbilie kichwa cha habari kilichoandikwa mara mia. Chukua swali dogo la mahali pako. Kizuizi kimoja cha barabara na pesa inayolipwa pale. Kambi moja ya wapiganaji walioweka silaha chini, na walichokula. Andika vizuri, weka nakala sehemu mbili.

Kwa vyuo vikuu vyetu: fungueni somo la siasa ya usalama kwa raia, katika sheria, historia na uchumi. Afisa aingie kufundisha na kuulizwa maswali kama mwalimu mwingine. Zile kazi za wanafunzi zinazooza kwenye makabati, zipangeni, watu wazisome.

Kwa bunge na serikali: sheria ya mpango wa jeshi ya 2022 mpaka 2025 ilipitishwa kwa jina letu. Toeni ripoti ya matumizi ambayo raia anaweza kusoma bila kuhatarisha askari aliye mstari wa mbele. Yule askari naye anataka kujua chakula chake kilipotelea wapi.

Sisi tutaendelea na kazi yetu barabarani, tukiuliza na kudai. Lakini siku mazungumzo mengine yatakapofunguliwa, tunataka pale mezani awepo Mkongomani aliyesoma mikataba yote iliyopita, anayejua kila moja ilivunjikia wapi, na asiyekuwa na cheo cha kuogopa kupoteza. Huyo mtu hajapatikana vya kutosha. Anaweza kuwa ameketi humu ndani.

Sasa tunasikiliza maswali yenu.