Jinsi Washirika Walivyoshika Mpini: Ugavi wa Baharini na Ufundishaji wa Vita vya Pili vya Dunia



1.0 Utangulizi

Nimeombwa nieleze jinsi Mataifa Washirika yalivyoyazidi nguvu mataifa ya Mhimili katika Vita vya Pili vya Dunia. Maoni yaliyomo humu ni yangu. Si msimamo wa taasisi ninayoitumikia.

2.0 Fasili

Washirika ni Uingereza, Muungano wa Kisovieti, Marekani, China na nchi zilizoungana nazo. Mhimili ni Ujerumani, Italia na Japani. Ugavi ni kufikisha watu, chakula, mafuta na silaha panapohitajika. Haya sote tunayafundisha.

3.0 Sababu za jumla

Washirika walikuwa na watu wengi zaidi na viwanda vikubwa zaidi. Jeshi Jekundu lilibeba sehemu kubwa ya mapigano ya nchi kavu dhidi ya Ujerumani. Sheria ya Marekani ya Machi 1941 iliruhusu washirika wake kupewa zana bila kulipa papo hapo. Mwaka 1942 wakuu wa majeshi ya Uingereza na Marekani waliunda kamati ya pamoja Washington. Ujerumani na Japani hazikuwa na chombo cha namna hiyo.

4.0 Tatizo la msingi: bahari

Katika vikao vya kupitia mihtasari nimekuwa nikiuliza swali moja: zana hizo za Marekani zilivukaje Atlantiki? Jibu ninalopewa ni kwamba nafasi ya kulifundisha hilo haitoshi. Mwanafunzi anamaliza shule akiijua Stalingrad, Normandy na Hiroshima, lakini hajui kwamba pasipo meli kusingekuwa na Normandy. Kwa heshima zote, hilo ni pengo kubwa, na limeachwa kwa muda mrefu mno.

Mwaka 1942 nyambizi za Ujerumani zilizamisha zaidi ya tani milioni 5 za meli. Mapema mwaka huo ziliwinda pwani ya Marekani, ambako meli za mizigo zilikuwa bado zinasafiri pasipo misafara ya ulinzi. Tangu Februari 1942 Waingereza walishindwa kusoma ujumbe wa siri wa nyambizi za Atlantiki kwa takriban miezi 10, huku Wajerumani wakisoma sehemu ya ujumbe uliohusu misafara ya Washirika. Machi 1943 misafara miwili, HX 229 na SC 122, ilipoteza meli 22.

Katikati ya Atlantiki palikuwa na eneo lisilofikiwa na ndege za ulinzi. Ndege aina ya Liberator ziliweza kufika, lakini zilikuwa chache, na makamanda waliotaka kuishambulia miji ya Ujerumani waling'ang'ania ndege za masafa marefu. Hapa ndipo ushirikiano ulipopimwa. Januari 1943, mkutano wa Casablanca uliamua kwamba kuzishinda nyambizi ndiyo kazi ya kwanza. Machi, mkutano wa Washington uliziachia Uingereza na Kanada njia za kaskazini. Liberator ziliongezwa, rada bora na manowari za kusindikiza zikapatikana. Mei 1943 Ujerumani ilipoteza nyambizi 41, na Admirali Dönitz, kamanda wa nyambizi hizo, akaziondoa Atlantiki ya Kaskazini. Viwanda vya Marekani navyo viliunda meli za mizigo aina ya Liberty zipatazo 2,710.

Vita hivyo vya baharini si vya wageni peke yao. Japani ilipoiteka Asia ya Kusini-Mashariki mwaka 1942, Washirika walipoteza nyuzi za kamba na mpira wa huko. Katani ya Tanganyika ikawa lulu, na watu wetu wakalazimishwa kufanya kazi mashambani. Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka bandari ya Kilindini kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Japani karibu na Maldives. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, wakiwemo askari wengi wa mizinga wa Afrika Mashariki. Manowari Petard, mojawapo ya zilizoizamisha nyambizi hiyo, ndiyo ambayo mabaharia wake walinyakua vitabu vya siri kutoka nyambizi ya Ujerumani U-559 mwaka 1942. Vitabu hivyo viliwawezesha Waingereza kusoma tena ujumbe wa Atlantiki.

5.0 Mapendekezo

i. Mada ya Atlantiki iingizwe katika muhtasari, japo kwa vipindi viwili.

ii. Maswali ya mitihani yapime jinsi ugavi ulivyofanya kazi, badala ya kuorodhesha sababu na matokeo tu.

iii. Mwalimu aonyeshe kwamba Washirika walishinda baada ya kugawana meli, ndege na siri.

iv. Ramani ya darasani ionyeshe njia za baharini, ikiwemo Kilindini hadi Colombo.

v. Waliokufa katika Khedive Ismail wafundishwe kama sehemu ya historia yetu.

vi. Kazi ya kulazimishwa katika mashamba ya katani ifundishwe pamoja na ushindi iliouchangia.

vii. Hoja ya kwamba nafasi haitoshi ijadiliwe kwa maandishi, ili ijibiwe kwa maandishi.

viii. Narudia: mada ya Atlantiki iingizwe katika muhtasari.

6.0 Hitimisho

Washirika walikuwa na viwanda na watu tangu mapema, lakini walishika mpini pale tu walipokubaliana nani alinde njia ipi na kwa chombo gani. Naomba semina hii ipitishe pendekezo la kwanza kabla hatujatawanyika leo, na liwasilishwe kwa wahusika likiwa na sahihi zetu sote.