Kuihesabu Nafsi Ndiko Kuikomboa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Nakuusieni, na naiusia nafsi yangu kabla yenu, kumcha Mwenyezi Mungu. Katika Sura ya Al-Hashr, aya ya 18, Mola wetu anaitaka kila nafsi itazame ilichokitanguliza kwa ajili ya kesho. Zingatieni kwamba kazi hii hana mtu wa kumwachia. Baba hawezi kumtazamia mwanawe, wala sheikh hawezi kumtazamia mwanafunzi wake.

Ndugu zangu, mtu aweza kuwa huru mbele ya watu, na ndani ya kifua chake akawa mtumwa. Hasira humtuma, akatumika. Tamaa humwita, akaitika. Sifa za watu humwongoza, akazifuata. Na utumwa ulio mgumu zaidi kuutambua ni ule uliovaa kanzu ya kheri.

Tazameni yaliyomfika Imam Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwaka 1091 aliteuliwa kufundisha katika madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad, na waliomsikiliza walikuwa wanafunzi 300. Alipoichunguza nia yake katika kufundisha, aliona kuwa kinachomsukuma ni cheo na jina. Karibu miezi sita alivutana na nafsi yake: leo akiazimia kuondoka, kesho azma ikivunjika. Mwisho ulimi wake ukafungika asiweze kutoa darasa. Mwaka 1095 aliigawa mali yake, akabakisha ya kuwatosha watoto, akaenda Sham, na huko akawa akijifungia katika mnara wa msikiti wa Damascus. Lakini mwaka 1106 alirejea kufundisha, mjini Nishapur. Kazi ilikuwa ile ile. Aliyekuwa akitumikiwa ndiye aliyebadilika. Basi kukombolewa si kuikimbia dunia, bali ni kuifanya kazi ya dunia bila ya kuwa mtumwa wake.

Njia yenyewe ameieleza katika kitabu chake *Ihyaa Ulumid-Din*, akamfananisha mja na mfanyabiashara, na nafsi na mshirika wake. Asubuhi, baada ya sala ya Alfajiri, mja huketi akaiwekea nafsi masharti: ulimi huu, jicho hili, saa hizi. Mchana huichunga, kila jambo akiliuliza kabla ya kulitenda: ni kwa ajili ya nani? Usiku hufunga hesabu. Ikiwa kuna faida, hushukuru. Ikiwa kuna hasara, huitia nafsi adabu, huijitahidisha na huilaumu.

Enyi Waislamu! Mwenye duka asiyelala bila kuhesabu mauzo yake hupitisha mwaka mzima bila kuuhesabu ulimi wake. Je, ni ipi kati ya mali mbili hizo atakayokwenda nayo kaburini?

Huenda mmoja wenu akasema: Nilianza, nikashindwa siku ya tatu. Asikate tamaa. Mwenyezi Mungu ameapa kwa nafsi yenye kujilaumu, katika Sura ya Al-Qiyama. Inayojilaumu bado i hai. Ya kuogopewa ni ile isiyouona tena ubaya wake. Na Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba amali impendezayo zaidi Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ingawa ni ndogo. Basi mama achague jambo moja, kama vile neno analowaambia watoto akiwa amechoka. Mwanafunzi achague jambo moja, kama vile uvivu wake wa Alfajiri. Kila usiku alihesabu hilo moja kabla ya kulala, mpaka limtii. Kisha aliandame jingine.

Wala asijivune aliyefaulu, kwani kujivuna ni mnyororo mpya. Juhudi ni yetu, na taufiki ni ya Mwenyezi Mungu.

Ewe Mola wetu, zipe nafsi zetu uchaji wake, uzitakase, na utujaalie tujihesabu kabla hatujahesabiwa. Nasema kauli hii, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwangu, kwenu na kwa Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.