Tulinde Masikio ya Wanaochomwa Sindano



Mwaka 2009 Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, ilianza kutibu kifua kikuu sugu. Mojawapo ya dawa ilikuwa sindano ya kanamaisini, iliyochomwa kwa miezi mingi. Dawa ile iliokoa maisha, lakini baadhi ya waliopona walirudi nyumbani hawasikii vizuri.

Sababu iko ndani ya sikio. Mle mna chembehai zenye vinyweleo vidogo sana, ambazo hugeuza sauti kuwa taarifa ya kwenda kwenye ubongo. Dawa za kundi hili huingia katika chembehai hizo na kuziua, na binadamu haoteshi nyingine. Zinazotangulia kufa ni zile za sauti nyembamba. Ndiyo maana mgonjwa huendelea kuongea na jirani bila shida huku madhara yameshaanza.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kanamaisini iachwe, na sasa kifua kikuu sugu hutibiwa zaidi kwa vidonge, kikiwemo bedakuilini. Wapo wanaodhani basi yamekwisha. Hayajaisha. Amikasini bado hutumika kwa baadhi ya wagonjwa, na jentamaisini huokoa watoto wachanga wenye maambukizi ya damu. Nasisitiza: mama asikatae sindano ya mwanawe kwa kuogopa uziwi. Asichopaswa kukubali ni sindano ya dukani, bila vipimo wala uzito kupimwa.

Wazee wa mitaa, mnapotembelea wagonjwa, ulizeni: je, masikio yanavuma? Usiku, akienda chooni gizani, anayumba? Jentamaisini na streptomaisini huharibu hata kiungo cha mizani kilichomo sikioni. Mwenye ugonjwa wa figo, au ambaye kwao upande wa mama kuna aliyepata uziwi kwa sindano, amweleze daktari kabla ya dozi ya kwanza. Na msiache kuuliza dozi zikiisha, kwani usikivu huweza kupungua wiki kadhaa baadaye.

Kwenu wafadhili, tunaomba mashine ya kubebeka ya kupima usikivu, inayofikia sauti nyembamba kabisa, ili mgonjwa apimwe kabla ya kuanza dawa na wakati wa matibabu. Tafadhali bajeti iwe na fedha za kuihakiki kila mwaka, kwani mashine isiyohakikiwa hutoa majibu ya uongo.