Korongo Taji na Kinamasi Chetu

(Mazungumzo na vikundi vya wakulima na akina mama, Nakuru)



Leo hatukuja na habari za mikopo wala za mbuzi wa maziwa. Tumekuja tuongee juu ya ndege mnayemjua wote: korongo taji, yule mrefu mwenye shada la rangi ya dhahabu kichwani, anayetembea shambani polepole kama mzee wa baraza.

Waganda wamemweka katika bendera yao. Hapa kwetu ziko koo za Wakalenjin zinazomheshimu kama alama ya ukoo. Hata hivyo anapungua. Mwaka 1985 ilikadiriwa kuwa Afrika ina zaidi ya korongo hawa 100,000. Kufikia 2004 makadirio yalikuwa kati ya 50,000 na 64,000, na mwaka 2012 akaingizwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Kwa nini? Tuangalie kwanza anavyozaa. Kuku wa kienyeji hutaga mayai kumi na zaidi, akipoteza hurudia. Korongo hutaga mawili, matatu, au manne kwa wingi. Dume na jike hukaa pamoja miaka mingi. Hujenga kiota katikati ya kinamasi, ndani ya matete, na maji yanayokizunguka ndiyo ua wao dhidi ya mbwa na mbweha. Huatamia kwa zamu karibu mwezi mmoja. Makinda yakitoka, yanahitaji miezi miwili, mitatu au zaidi kabla ya kuruka. Kwa hiyo familia hiyo inategemea kinamasi kwa muda wa kama miezi minne. Maji yakikauka kabla ya hapo, ua umevunjika.

Yanayommaliza tunayajua. Kwanza ni mitaro ya kukausha vinamasi. Pili ni kuchukua mayai na makinda, ndege afugwe uani kama pambo. Huyo hukatwa manyoya ya mabawa, na ni nadra sana azae tena. Kumfuga bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013. Tatu ni sumu inayowekwa kwenye mbegu, na nne ni nyaya za umeme anazogonga akiruka.

Sasa mtatuuliza, "Na sisi tutakula nini?" Ni swali la haki. Mwenye nusu ekari akiona mahindi yake mapya yamefukuliwa, hawezi kufurahi. Lakini ndege huyu hula pia panzi na wadudu wengine wa shambani. Na mtaro unaomfukuza yeye unatugusa sisi pia. Kinamasi hushika maji ya mvua na kuyaachilia kidogo kidogo. Ukikikausha, msimu wa kwanza utavuna kabeji nzuri. Kiangazi kikija, kisima cha jirani kimeshuka, na mama na binti yake wanatembea mbali na mitungi.

Jirani zetu wa Nyandarua wana Ziwa Ol Bolossat, ambalo korongo hawa hulitegemea. Mwaka 2018 serikali ililitangaza rasmi kuwa eneo la kuhifadhiwa. Vinamasi vidogo vya vijijini mwetu mara nyingi havina tangazo lolote. Walinzi wake ni ninyi mnaoishi kando yake.

Tunapendekeza mambo ambayo hayahitaji pesa. Limeni pembeni, mkiache katikati ya kinamasi na matete yake. Mkiona kiota, msikate nyasi karibu wala kupitisha ng'ombe hapo mpaka makinda yaruke, na mbwa wafungwe. Mbegu zikiwa zinaota, pangeni zamu ya kuwafukuza ndege kwa kelele. Hizo ni siku chache tu. Sumu isitumike kabisa, kwa maana inaua pia kuku na inaweza kumdhuru mtoto. Mkimwona mtu anauza makinda, waarifuni maofisa wa KWS au chifu.

Kabla hatujafunga mkutano huu, tungependa kila kikundi kitaje kinamasi kimoja, na majina ya watu wawili watakaokiangalia. Tutarudi mvua zikiisha, twende pamoja tukahesabu makinda.