Kelela: Sauti Iliyojifunza Njiani

Mji wa Washington umetoa wanamuziki wakubwa. Duke Ellington alizaliwa hapa mwaka 1899, naye Marvin Gaye mwaka 1939. Katika kizazi cha watoto wa wahamiaji kutoka Pembe ya Afrika, mji huu umemtoa Kelela.

Alizaliwa Washington mwaka 1983, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Ethiopia, akakulia Gaithersburg, katika jimbo jirani la Maryland. Mzazi aliyevuka bahari ili mwanawe asome huona shahada na kazi ya kudumu kuwa ndiyo malipo ya safari yake. Muziki huhesabiwa kuwa burudani tu. Kelela alisoma Montgomery College, kisha American University, lakini uimbaji wake haukutoka katika chuo cha muziki. Alijifunza kwa kuimba. Alianza na nyimbo za zamani za jazi mikahawani, na mwaka 2008 akajiunga na bendi ya roki iliyoitwa Dizzy Spells.

Mwaka 2010 alihamia Los Angeles. Huko alikutana na watayarishaji wa muziki wa klabu waliofanya kazi na kampuni mbili ndogo: Fade to Mind ya Los Angeles na Night Slugs ya London. Walikuwa na midundo mikavu ya kompyuta, isiyo na maneno wala mwimbaji. Kelela aliitungia tuni na mashairi, na juu ya mngurumo wa mashine akaiweka sauti laini ya mapenzi na majuto. Hapo ndipo ilipozaliwa kazi yake ya kwanza, Cut 4 Me, iliyotolewa bure kwenye intaneti Oktoba 2013. Alikuwa na umri wa miaka 30, umri ambao katika muziki wa vijana wengi hudhani mlango umekwisha kufungwa. Albamu yake Take Me Apart ilifuata mwaka 2017.

Je, binti wa wahamiaji wa Kiethiopia anatafuta nini katika muziki wa mashine? Historia ina jibu. Muziki wa house ulianzia Chicago na techno ikaanzia Detroit, katika miaka ya 1980, mikononi mwa vijana weusi, kabla ya kuenea Ulaya na kuonekana kana kwamba ni mali ya Wazungu. Kelela hakuingia humo kama mgeni. Zaidi ya miaka mitano baada ya Take Me Apart alitoa albamu ya Raven, Februari 2023, na nafasi ya mwanamke mweusi katika muziki huo ilikuwa kiini cha kazi hiyo.

Mwaka 2024 aliimba katika ukumbi wa jazi wa Blue Note, New York, akiwa na ala za kawaida badala ya kompyuta. Maonyesho hayo yalitolewa mwaka 2025 kwa jina la In the Blue Light. Pamoja na nyimbo zake mwenyewe, aliimba za Betty Carter na Joni Mitchell.

Wasikilizaji, mtoto wa mhamiaji huulizwa mara kwa mara: wewe ni wa wapi? Kelela hakuchagua jibu moja. Mikahawa ya Washington, klabu za usiku na ukumbi wa jazi, vyote vimo katika sauti yake, wala hakuna kilichomlazimu kukiacha kingine.