Yuda, Siye Iskariote

Somo: Yohana 14:22–24



Leo tutazame jambo tunalolifanya kila siku bila kulifikiri, nalo ni kuitana majina.

Wazee wetu hawakutoa jina ovyo. Huku Meru mvulana huitwa Kirimi na msichana Karimi, na ndani ya majina hayo mna jembe, kwa maana yametoka katika neno la kulima. Mukiri ni mtu mnyamavu. Makena ni mwenye furaha. Kule Embu yuko Mwaniki, yaani mtu atundikaye mizinga ya nyuki. Kijana aitwaye Mwaniki leo huenda ni karani wa benki, wala hajapata kupanda mti na mzinga maishani mwake. Jina amelirithi kwa babu. Kazi ya mtu wa zamani iligeuka kuwa jina, na jina likaendelea hata kazi ilipokwisha.

Tena liko jambo la kinyume. Jina la mtu hugeuka likawa sifa. Mwenye nguvu twamwita Samsoni. Mwenye hekima ni Sulemani. Asiyesadiki mpaka aone ni Tomaso. Neno moja latosha, na kila aliyepita shule ya Jumapili ameelewa. Na mtu akiwauza wenzake twasema, "Huyo ni Yuda."

Hapo ndipo nataka tusimame kidogo. Ukisoma Luka sura ya 6, utaona kwamba kati ya wale kumi na wawili walikuwamo Yuda wawili. Mmoja ni Iskariote. Wa pili ni Yuda wa Yakobo, mtume mwaminifu. Marko atwambia ya kwamba Bwana alikuwa na ndugu aitwaye Yuda, na Bwana mwenyewe alitoka katika kabila la Yuda. Lea alipompa mwanawe jina hilo, alikuwa akimsifu Mungu. Lilikuwa jina jema. Lakini je, ni nani katika usharika wako aliyeleta mtoto abatizwe Yuda?

Usiku ule wa karamu ya mwisho, yule Yuda wa pili alimwuliza Bwana swali. Alitaka kujua imekuwaje ajidhihirishe kwao, asijidhihirishe kwa ulimwengu. Ni swali zuri, na Bwana alilijibu. Katika Injili zote, hilo ndilo neno lake pekee lililoandikwa. Hata hivyo Yohana, alipolitaja jina lake, aliona hana budi kuongeza kwamba huyu siye Iskariote. Mtu mwaminifu akabeba mzigo wa mwenzake kwa sababu waliitwa jina moja.

Ndugu zangu, sisi wa Meru na Embu twapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengi. Mnamo Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari. Wakikuyu, Waembu na Wameru wakafungwa pamoja katika herufi tatu, K.E.M. Tarehe 24 Aprili 1954 mji wa Nairobi ulizingirwa na askari katika msako ulioitwa Anvil, na watu wa herufi hizo wakakamatwa kwa maelfu. Walipitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia, likiwa na matundu ya macho tu. Watu walimpa jina la utani, gakunia, yaani kigunia. Kigunia kikitikisa kichwa, mtu amekwisha kwenda kizuizini. Na huko kizuizini waligawanywa kwa majina ya rangi: weupe, wa kijivu na weusi, ingawa wote walikuwa Waafrika wenye ngozi moja. Aliyeitwa mweusi alihesabiwa kuwa mkaidi, akapelekwa penye ukali zaidi. Wengi wasio na hatia walichukuliwa, wala hakutokea mtu wa kuandika kando ya jina lao, "Huyu siye."

Mambo hayo yamepita. Lakini je, kigunia tumekivua?

Tuseme kijijini kwenu yuko mtu aliyeiba kuku mmoja akiwa na miaka 12. Wenzake wakamwita Kuku. Sasa ana mke na watoto, anapeleka majani yake ya chai kituoni, anaimba kwaya. Inafika siku ya kuchagua mweka hazina wa kanisa. Jina lake linatajwa, na mtu aliyeketi nyuma ananong'ona, "Si yule Kuku?" Basi, yamekwisha. Hakuna aliyemshitaki wala shahidi aliyeitwa. Jambo la siku moja limefanywa kuwa maisha yake yote, na kesho watoto wake wataitwa watoto wa Kuku.

Twasoma katika Matendo sura ya 4 habari za Yusufu, Mlawi wa Kipro. Mitume walimpa jina jingine, Barnaba, maana yake mwana wa faraja. Nalo ni jina la kupewa na wenzake, ila lilimpa kazi ya kufanya. Baadaye Saulo alikuja Yerusalemu, na wanafunzi wakaogopa, maana jina Saulo kwao lilikuwa ni gereza na mauaji. Barnaba akamshika, akamleta kwa mitume, akawaeleza yaliyompata njiani kwenda Dameski. Wao walijua nusu ya kwanza ya habari. Barnaba akawapa nusu ya pili.

Msikilizaji mpenzi, juma hili utasikia mtu akiitwa kwa kosa lake la zamani, sokoni, kwenye matatu, au hata kwenye mlango wa kanisa. Usicheke na wenzako. Mtaje kwa jina alilopewa na wazazi wake, kisha useme jambo jema unalolijua juu yake. Na kama wewe ndiwe unayeitwa hivyo, kumbuka ya kwamba Mchungaji Mwema huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina lake, naye hakosei.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe majina tuliyowabandika wenzetu. Utupe moyo wa Barnaba. Amina.